Mlima uliopotea: kesi ya picha ya infraredi ya kutengeneza, Moshi

Machalii kadhaa wa hapa Moshi wameniuliza kuhusu ile picha kubwa ya ukutani kwenye mgahawa mmoja upande wa Mnara wa Saa, ile yenye migomba myeupe na anga jeusi, kila mtu anataka kujua ni filta gani ya simu. Sio filta ya simu, wala sio kamera ya infraredi, ni picha ya kawaida kabisa ya rangi iliyoeditiwa, na kidogo tu mteja aikatae, kwahiyo naiandika kesi yote na namba zake mtu aone kilichoharibika wapi na kikatengenezwaje.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mama mwenye mgahawa aliwahi kuona picha ya zamani, majani meupe pee, anga jeusi tii, mawingu yanang'aa, akaipenda, akataka ya kwake ila iwe na shamba la kahawa na Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, kwa nyuma, upana mita moja na nusu. Akampa chalii mmoja ninayemfahamu, mpigaji mzuri sana. Chalii akapanda Kibosho asubuhi msimu wa kuchuma, akapata fremu safi: mibuni mbele, migomba katikati, binti anachuma buni kafunga kitambaa chekundu kichwani, nyumba ya bati la kijani pembeni, alafu mlima na theluji yake kule mbali. Akarudi, akafungua Photoshop, kwenye Chaneli Miksa, pale unapochanganya chaneli tatu za rangi, nyekundu, kijani na bluu, kupata picha nyeusi na nyeupe, kuna priseti, yani mpangilio wa namba uliowekwa tayari, imeandikwa kabisa infraredi, akaibonyeza, akaweka blari kidogo ya kung'arisha, akapeleka sampo.

Mama akaiangalia weee. "Mwanangu, nzuri, ila mlima wangu uko wapi?"

"Upo hapo mama, ni mwanga tu."

"Mwanga gani baba? Migomba nyeupe, mbingu nyeupe, mlima nao umepauka. Mi nilisema mbingu iwe nyeusi."

Na mama yuko sahihi mia kwa mia. Chalii akanipigia, "kaka huyu mteja ananizingua", nkamwambia lete faili kwanza, mteja hajakuzingua.

Sasa kabla ya kugusa slaida yoyote inabidi ujue infraredi ya kweli inafanya nini, maana priseti haijui, yenyewe inajua rangi tu. Jicho letu linaona mwanga wa nanomita 400 mpaka 700 hivi. Infraredi ya picha inaanzia hapo 700 kwenda juu, na sensa za kamera za silikoni zinaweza kuiona mpaka karibu 1,100, ila kiwandani wanaweka kioo mbele ya sensa kinachoizuia ili rangi zisiharibike. Majani mabichi yanang'aa kwenye infraredi kwa sababu klorofili inakula mwanga mwekundu na wa bluu lakini infraredi haiigusi, mwanga unapenya mpaka ndani ya jani, unagonga seli na nafasi za hewa zilizopo katikati yake, unatawanyika na mwingi unarudi nje. Jani lenye afya linaweza kurudisha karibu nusu ya infraredi iliyoipata, wakati kijani inarudisha kidogo tu. Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, ndo alichapisha picha za namna hii mwaka 1910 na mpaka leo huo weupe wa majani unaitwa kwa jina lake.

Anga ni kinyume chake. Hewa inatawanya mwanga wa mawimbi mafupi zaidi ya marefu, na tofauti sio ndogo, inakwenda kwa kipeo cha nne, yani mwanga wa nanomita 450 unatawanywa zaidi ya mara 9 kuliko wa 800. Kwahiyo anga la bluu halina infraredi ya maana ya kukurudishia, linatoka jeusi. Wingu lenyewe lina matone makubwa, linatawanya kila kitu, linabaki jeupe. Na kwa sababu hiyohiyo ukungu mwepesi wa vumbi na moshi unaokaa kati yako na mlima unapungua sana kwenye infraredi, ndo maana picha hizo za milima zinakuwa kali hivo. Ukungu mzito wa matone ya maji haupungui, huo usijidanganye.

Haya, turudi kwenye faili. Ile priseti, kwa asilimia, ni nyekundu -70, kijani +200, bluu -30, jumla 100. Wazo lake linaeleweka, kijani kiwe juu kwa sababu ya majani, vingine vikatwe. Nikachukua kidole cha rangi, kile kifaa cha kusoma namba za rangi, 0 ni giza kabisa na 255 ni mwanga kamili, nikapima sehemu mbili. Jani la mgomba lenye jua: nyekundu 110, kijani 140, bluu 60. Anga juu ya mlima: 130, 170, 215. Piga hesabu: jani linatoka -77 + 280 - 18, unapata 185. Anga linatoka -91 + 340 - 64, unapata 185 vilevile. Soma tena hapo. Jani na anga vimetoka namba moja, kijivu cheupe kilekile, na ndicho mama alichokiona kwa macho bila hata kikokotoo. Kosa ni kwamba anga la bluu lililopauka lina kijani kingi kuliko hata jani lenyewe, sisi tunaliita la bluu kwa sababu bluu imezidi, lakini kijani kipo kibao, ukikizidisha mara mbili umeliwasha anga. Priseti hiyo inafanya kazi vizuri pale ambapo anga ni la bluu iliyokoza sana, sio anga la asubuhi la Kibosho wakati wa vumbi.

Nikaangalia pia kwa nini anga lina mabaka mabaka ya mraba ukilizumu. Chalii kapiga RAW, yani faili ghafi la kamera lenye taarifa zote, vizuri sana, ila alichoeditia ni JPEG aliyojitumia kwa meseji ili aifungue haraka kwenye laptopu. JPEG ya namna hiyo inatunza mwanga vizuri lakini rangi inazibana, inazihifadhi kwa ukubwa mdogo kuliko picha yenyewe, kwa macho huoni, lakini hii kazi yote ni ya kuzivuta rangi na kuzitoa, kwahiyo kila uchafu uliojificha kwenye chaneli ya bluu unatoka hadharani, tena kwa mita moja na nusu. Tukafungua RAW upya, biti 16, noizi ya rangi, vile vidoa vya rangi visivyotakiwa, tukaipunguza hapohapo mwanzo kabla ya kitu kingine, na ukali wa picha, ule wa kushapu, tukauzima mpaka mwisho kwa sababu kingo za majani na anga zinaota mstari mweupe ukishapu kabla ya kuchanganya chaneli.

Mchanganyiko mpya: nyekundu +50, kijani +150, bluu -100. Jumla bado 100, hiyo muhimu, maana kitu chochote kisicho na rangi, wingu, theluji yenye jua, ukuta mweupe, kinabaki palepale kilipokuwa. Rudia hesabu: jani 55 + 210 - 60, 205. Anga 65 + 255 - 215, 105. Toka sare mpaka tofauti ya 100, na bado hatujagusa kavu (Curves, mstari wa kurekebisha mwanga na giza) wala maski (kifuniko cha kuchagua sehemu ya picha) yoyote. Siri ni kwamba kinachotofautisha jani na anga sio kijani, ni bluu, jani lina bluu kidogo na anga limejaa bluu. Na unapata zawadi nyingine ya bure, vivuli: kivuli cha nje kinamulikwa na anga, kwahiyo kina ubluu, ukikata bluu vivuli vinazama zaidi, na kwenye infraredi ya kweli ndo hivohivo, kivuli kinakuwa kizito kwa sababu anga halimwagi infraredi ndani yake. Majani makavu ya mgomba nayo, yale ya kahawia yanayoning'inia, kwenye priseti yalikuwa meusi kiasi, huku yakapanda mpaka 175 hivi, na ndivyo inavyotakiwa, jani kavu bado linarudisha infraredi ya kutosha tu.

Wa GIMP msiseme mmeachwa, kuna Mono Miksa, unaandika 0.5, 1.5 na -1, matokeo yanaweza yasilingane sawasawa na ya Photoshop lakini mwelekeo ni huohuo, malizia kwa jicho.

Ila hapo hapo ikazaliwa shida ambayo haipo kwenye mafunzo mengi niliyoyaona. Jani la mgomba na hasa la mbuni lina mng'ao, lile vanishi lake, na mng'ao unaakisi anga. Pale penye mng'ao rangi sio kijani tena, nilipima 150, 175, 190. Hesabu inatoa 147 wakati jani lote liko 205, maana yake kila jani la mbuni likapata doa la kijivu palepale ambapo jicho linategemea pang'ae. Ukiangalia picha kwa mbali unaona majani kama yana ugonjwa, na wenye kahawa wa Kilimanjaro wanajua doa la jani likoje, huwezi kumpelekea mama mwenye mgahawa wa kahawa picha ya mibuni inayoumwa. Dawa yake ni ya mkono: tukachagua mimea yote kwa maski, ndani ya maski tukaweka leya nyingine, yani tabaka la juu, ya picha ileile ambayo bluu haijakatwa kabisa, 0, 100, 0, modi ya Lighten, yani inachukua tu pale inapong'aa zaidi. Mng'ao ukarudi mpaka 175, haujafika 205 ila doa limepungua, alafu tukapitisha brashi laini kwenye yale majani makubwa ya mbele tu. Ya nyuma hakuna atakayeyaona.

Sasa mlima, kiini cha kesi. Kwa mchanganyiko mpya anga likatii lakini miteremko ya chini ya Kibo, ile iliyofunikwa na utando wa bluu, ikazama pamoja na anga. Utando ulikuwa 125, 158, 200, unatoka 99, anga 105, hakuna tofauti ya maana, ukabaki na theluji inaelea juu peke yake bila mlima wa kuishikilia. Sehemu ya theluji iliyo kivulini nayo ina ubluu ikawa chafu. Kwahiyo kanuni iliyookoa migomba ndo inaua mlima.

Hapo nkamwambia dogo, achana na mchanganyiko, fungua chaneli moja moja uziangalie. Chaneli ya bluu: mlima hauonekani kabisa, utando mtupu. Kijani: upo upo. Nyekundu: mlima umesimama, unaona mabonde na mpaka wa msitu na mawe. Hiyo sio bahati. Nyekundu ndo jirani wa infraredi, mawimbi yake ni marefu kuliko ya bluu, inapita kilomita 20 za hewa ya asubuhi bila kutawanywa kama bluu. Kwenye faili lote la kamera ya kawaida, chaneli nyekundu ndo kitu pekee kinachofanana na infraredi kwa fizikia, kwa vitu vya mbali. Kwa majani ni kinyume kabisa, nyekundu inaliwa na klorofili. Ndo maana ukitafuta namba tatu za kufanya picha nzima hutazipata, kwa sababu jani linadai kitu kimoja na umbali unadai kingine.

Kwahiyo mlima ukapata leya yake: nyekundu 100, kijani 0, bluu 0, maski kuanzia mstari wa msitu kwenda juu, kingo laini. Kavu kidogo ya kuongeza kontrasti. Alafu kuna kitu tulibishana na chalii. Yeye alitaka mlima uwe mweusi mzito mbele ya anga la kijivu, ni kweli inavutia. Mi nikakataa, ule ukanda wa msitu, takriban mita 1,800 mpaka karibu 3,000, ni miti mibichi, kwenye infraredi ya kweli unatakiwa uwe mwepesi kuliko anga lililo nyuma yake, sio mzito. Tukaenda katikati: msitu tukaupandisha mpaka 95 hivi, mawe ya juu tukayaacha meusi kiasi, theluji haikuguswa, na anga tukalivuta kwa kavu yake mpaka 55. Hapo ghafla mlima ukaja mbele. Mtu aliyewahi kuona infraredi ya kweli ataona msitu ungepaswa kung'aa zaidi, lakini ukiulazimisha zaidi ya hapo unaokota noizi, taarifa haipo kwenye faili, huwezi kuivumbua.

Bati la kijani. Kwa priseti lilikuwa linang'aa karibu sawa na migomba, 174, yani nyumba imeota majani. Mchanganyiko mpya ulilishusha mpaka 130, nafuu, lakini bado ni kubahatisha, kwa sababu rangi ya kupaka na jani vinaweza kufanana kijani kwa macho na vikatofautiana kabisa kwenye infraredi. Ndo kazi ya filamu ya infraredi ya rangi ya Kodak ilianzia hapo wakati wa Vita Kuu ya Pili, kutofautisha majani hai na vitu vilivyopakwa kijani kufichwa. Tukalifanya kijivu cha kawaida kwa mkono na maisha yakaendelea.

Binti ndo alihitaji heshima zaidi. Priseti ya -70 kwenye nyekundu ni adui wa ngozi ya kahawia, ngozi yetu ina nyekundu nyingi kuliko kijani, uso wake ulikuwa 120, 80, 60 ukatoka 58, umezama, midomo nayo myeusi, kitambaa chekundu kikaenda chini ya sifuri kabisa, shimo tupu. Na infraredi ya kweli inafanya kinyume, melanini inazuia infraredi kidogo kuliko inavyozuia mwanga wa kawaida, ngozi za watu wote zinasogea kwenye weupe laini, na vitambaa vya rangi vingi tu vinatoka vyepesi hata kama kwa macho ni vyekundu au vyeusi. Mchanganyiko mpya uliuleta uso kwenye 120, tukaupandisha kidogo tena, kitambaa tukakiacha kwenye 110. Nawaambia hasa wale wa Arusha mnaopiga wazee wa Kimaasai na shuka nyekundu alafu mnabonyeza priseti hii, nimeona hizo picha, shuka yote inakuwa doa jeusi bila mkunjo hata mmoja.

Buni mbivu zilileta vituko. Nyekundu kwenye nyekundu, priseti ilizifanya nyeusi tii kwenye matawi meupe, kwetu zikawa kijivu cha wastani, na kwenye infraredi ya kweli tunda jekundu huwa linatoka jeupe, linapotelea kwenye majani. Mama alipoona sampo ya pili akasema mlima sawa, mbingu sawa, ila zile kahawa nyeusi za mwanzo alizipenda, zirudishwe. Chalii akaniangalia. Nkamwambia mteja kasema, rudisha. Ukuta ni wake, na picha ya kahawa ambayo kahawa haionekani ina faida gani.

Mwanga wa ndoto unaoonekana kwenye picha za zamani ulitokana na filamu ya Kodak ya HIE, ambayo iliondolewa sokoni 2007. Haikuwa na ile tabaka ya kuzuia mwanga kurudi, mwanga mkali ulipenya filamu ukagonga bamba la nyuma ya kamera ukarudi na kusambaa kuzunguka vitu vyeupe. Vyeupe tu. Dogo alikuwa ameblari picha nzima, vivuli vikawa na maziwa. Tukatoa nakala, tukaacha sehemu zenye mwanga peke yake, blari ya Gaussian pikseli 50 kwa faili la upana wa 6,000, modi ya Skrini, ile inayoongeza mwanga tu, opasiti asilimia 25. Chembechembe tukaongeza mwisho kabisa, baada ya kufikisha ukubwa wa kuprinti, ukiziweka kabla zinakuzwa nazo zinakuwa mchanga.

Chalii aliuliza si bora tungepata kamera ya infraredi tu. Kwa kazi nyingine ndio. Elekeza rimoti ya TV kwenye kamera yako, bonyeza, ukiona taa inawaka kwenye skrini basi kioo chako kinavujisha infraredi, unaweza kufunga filta ya nanomita 720 na kuweka stendi, ila mwanga unaoingia ni kidogo, utaacha shata wazi sekunde kadhaa na migomba haitulii hata sekunde moja kukiwa na upepo. Kamera iliyotolewa kioo kabisa inapiga kwa mkono bila shida, lakini haitapiga tena rangi za kawaida bila filta, na dogo ana harusi kila Jumamosi.

Sampo ya tatu ilipita. Imeprintiwa kwenye kanvasi isiyong'aa kwa sababu dirisha liko mkabala. Chini ya fremu mama alitaka iandikwe picha ya infraredi, nikamwomba tuandike "Kibosho, picha ya rangi iliyohaririwa kwa mtindo wa infraredi", akacheka akasema maneno mengi, ila akakubali. Sasa hivi anaulizia ya pili, ya majani ya pinki kama zile za filamu ya rangi, na hiyo ni kazi rahisi zaidi maana leya zote zipo, infraredi yetu ya kutengeneza inakwenda kwenye chaneli nyekundu, nyekundu ya kamera inahamia kijani, kijani inahamia bluu. Anga tu ndo litahitaji maski mpya.